Maji ya Kasiksi ya Mama

Nilisikia beche kabla sijaona chochote. Chuma juu ya changarawe, kisha maji yakimwagwa, kisha chuma tena. Ukungu wa alfajiri kule Masisi haukuachii hata vidole vyako mwenyewe. Nilisimama kwenye chemchemi na bidoni ya kutekea maji mkononi, nikatega sikio juu, kule ambako mteremko unapanda kuingia vichakani. Mtu alikuwa anachimba. Nikakohoa, kama tulivyofundishwa kukohoa tunapokaribia nyumba ya watu. Beche ikanyamaza.

Kule kunyamaza ndiko kulikonitia shaka. Mkulima akisikia kikohozi huitikia. Huuliza, "Njo nani?" yaani ni nani, nawe unajibu, kila mmoja anaendelea na kazi yake. Yule wa juu hakuuliza. Alikuwa ananisikiliza nami nilikuwa namsikiliza, na kati yetu maji yalikuwa yanashuka kwenye nusu ya mwanzi iliyotumika kama mfereji. Nilipoyakinga kwa kiganja na kuyaleta karibu na macho, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Tulikaa kwenye kilima nyuma ya Bihambwe. Ulikuwa mmoja wa miaka ya vita, na miaka hiyo kwetu ilishikana mikono, huwezi kuutoa mmoja bila kuvuta mingine. Shule yangu ya sekondari ilikuwa imejaa wakimbizi waliolala juu ya madawati, kwa hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani kumsaidia mama. Mama alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walitoka hata Kibabi kuja kuinywa.

Kasiksi ni kazi ya subira. Ndizi zinafukiwa shimoni na majani yake, zinaivishwa kwa joto na moshi, kisha zinamenywa na kukandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka zitoe mutobe, yale maji matamu ya ndizi ambayo hata mtoto huyanywa. Mutobe unaongezwa maji ya chemchemi, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, unafunikwa. Baada ya hapo hakuna moto unaopita juu yake. Mama alikuwa akisema kasiksi ni maji yaliyovaa nguo ya Jumapili. Maji yakiwa machafu, nguo haisaidii.

Ndiyo maana wanawake wa kilima chetu waliilinda chemchemi kama wanavyolinda moto usizimike. Machicha ya ndizi hayakumwagwa korongoni; yalibebwa mgongoni, yakarudishwa migombani kuwa mbolea. Mkaratusi ukichipuka juu ya chemchemi uling'olewa siku hiyohiyo, kwa sababu mkaratusi unakunywa kuliko mwanamume. Na kabla ya kufukia ndizi zake, kila mpishi alipanda na jembe kuzibua njia ya maji. Hakuna aliyeandika sheria hizo. Ukizivunja hukutozwa kitu. Wenzako waliacha tu kukuazima mtumbwi.

Sheria nyingine ilihusu kikombe, na hiyo ilikuwa ya kila nyumba. Anayetoa kinywaji hunywa kwanza. Anaweka midomo mbele ya macho yako, anameza, unaona koo likishuka, ndipo anakupa. Wageni huiona kama adabu. Sisi tulijua ni woga uliovaa adabu. Kule kwetu kuna sumu inayoitwa karuho, ambayo watu husema hutiwa chini ya ukucha wa kidole gumba na kudondoshwa kikombeni mtu anapopokea na kusema asante. Sijui mtu yeyote aliyewahi kuiona. Najua wengi waliowahi kushukiwa, na najua nyumba zao zilichomwa. Hata leo, rafiki akinipa bia mjini, macho yangu huenda kwanza kwenye koo lake.

Jumapili, baada ya misa, vijana walicheza mpira kwenye uwanja uliokuwa malisho ya ng'ombe kabla ng'ombe hawajachukuliwa. Mama aliweka chungu chake pembeni, chini ya turubai. Jumapili ile, siku chache baada ya asubuhi ya ukungu, alikuwa ameonja kikombe cha kwanza kama kawaida, na vijana walikuwa wanamtania.

"Mama, usionje sana, sisi tutalewa na harufu tu!"

"Wewe ulikosa goli mbele ya mulango wazi," mama akajibu. "Harufu inakutosha."

Jioni golikipa alianza kutapika. Usiku huo walikuwa wengine, na kesho yake bibi mmoja aliyebebewa kasiksi nyumbani kwake. Tumbo lilikuwa linawamwaga kama mtungi uliopasuka. Mama mwenyewe alishikwa na tumbo, lakini alienda haja kwa siri, nyuma ya migomba, na hilo ni jambo ambalo nililijua mimi peke yangu. Kilichoonekana na watu ni kwamba mpishi anatembea na walionunua wamelala.

Nyumbakumi, yule anayesimamia nyumba za upande wetu, alikuja na kofia mkononi. Hakukaa.

"Mama, batu banasema."

"Banasema nini?"

"Unajua banasema nini. Mimi siamini. Lakini mimi niko muntu moja." Akaangalia mlango, kana kwamba wale wengine walikuwa nje. "Jumapili, nyuma ya misa, unywe mbele ya batu bote, nyumbani kwako. Ukikataa, ufunge mizigo mbele hawajakuja na moto."

"Na nikikunywa, nikaugua?"

Nyumbakumi alifikiri. "Basi hautakuwa muchawi. Utakuwa mugonjwa."

Mama alicheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona, Bihambwe, mahali palipokuwa na nyumba ya mwanamke mmoja aliyesemwa hivyohivyo. Palikuwa na mraba mweusi na sufuria.

Jina la yule wa kulaumiwa lilikuwa tayari kwenye midomo ya nyumba yetu. Kule barabarani palikuwa na duka la mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye lori lililokuwa likienda hadi Mpofi, upande wa Walikale, na kurudi. Watu walimwita Papa wa Butembo, yaani baba wa Butembo. Aliuza bia za chupa, na tulimwona mchoyo, kwa sababu alihesabu hata chupa tupu. Ukinywa kwake, alisimama karibu nawe mpaka umalize, akachukua chupa yake, akaisuuza ndani ya pipa na kuipanga kwenye kasha. Watoto waliokutwa wakivunja chupa korongoni walivutwa masikio mpaka kwa mama zao.

"Nani anafurahi kasiksi ikifa?" aliuliza mjomba wangu, jioni ile nyumbakumi alipoondoka. "Njo yeye. Bale bote batahamia mu chupa yake. Tena bamemuona akipanda ku chemchemi asubuhi."

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja. Vita vilimkuta Mpofi, akavuka msitu kwa miguu na kutufikia na shati moja. Mama alimpa chumba cha jikoni kulala, akampa na shamba la juu alime. Alikuwa mtu wa vichekesho. Mimi aliniita Mamzeli, yaani bibie, kwa sababu ya shule. Siku nyingine alirudi na chumvi, siku nyingine na sabuni nzima, isiyokatwa, nasi tulishukuru bila kuuliza.

"Yule Papa anapiga magoti kanisani," akaendelea, akikaa na kunyoosha miguu yake kwenye moto, "lakini magoti yake iko na udongo ya chemchemi."

Nilimwangalia wakati anasema. Alikuwa amenawa, shingo ilikuwa inang'aa. Lakini chini ya kucha zake palikuwa na kitu cheupe, laini, kama unga wa muhogo. Shamba letu la juu lina udongo mweusi. Udongo mweupe uko sehemu moja tu kwenye kilima chetu, ndani kabisa, na huupati mpaka uchimbe.

Nilimwambia mama tukiwa tunamenya ndizi. Nilisema polepole, nikiangalia kisu. Mama hakuacha kumenya.

"Muzungumzo ya kucha," akasema mwishowe. "Bale pia banazungumza juu ya kucha yangu."

"Lakini Mama, nimeona."

"Umeona udongo. Mashaka njo kama moshi, mwanangu. Inaingia mu macho ya kila muntu, lakini haionyeshe moto iko wapi."

Baada ya hapo tuliishi watatu kwa hila. Mjomba alitoka kabla ya mapambazuko, mama akawa macho gizani akisikiliza miguu yake. Nikimpa mjomba chakula, nilimtazama mikono. Akipokea, alinitazama macho. Vicheko vyake vilikuwa vilevile, ila sasa vilikuja mapema kidogo, kabla ya kitu cha kuchekesha.

Papa wa Butembo alikuja mwenyewe, mchana, wakati mjomba hayupo. Alisimama uani na viatu vyake vya mpira, akaomba kasiksi. Mtu anayeuza bia za chupa, kuomba kasiksi kwa mwanamke anayesemwa ni mchawi! Nilidhani amekuja kutafuta ushahidi. Mama naye alidhani hivyo, niliona jinsi alivyokaza kitenge kiunoni. Ilikuwa imebaki kidogo kwenye chungu cha zamani, iliyopikwa kabla maji hayajaharibika kabisa. Akachota, akanywa, koo likashuka. Akampa.

Papa wa Butembo alifanya ishara ya msalaba, akanywa chote. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Mama, iko na udongo."

"Iko ya maji ya mwanzo. Ya sasa njo mbaya zaidi."

"Najua. Pipa yangu ya kusafisha chupa inabakia na matope chini, unaweza kupanda viazi. Ku depo ya bia banakataa chupa ya matope, banarudisha kasha muzima." Akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Njo maana nilipanda kuona."

Akatueleza alichokiona. Juu ya chemchemi, ndani ya vichaka, kulikuwa na mashimo na vidimbwi vilivyokingwa kwa mifuko. Watu walikuwa wanaosha mawe pale, yale mawe meusi mazito yanayonunuliwa barabarani na watu wasiosema majina yao. Maji waliyooshea yalikuwa yanarudi ardhini na kutushukia. Walikimbia waliposikia miguu yake.

"Na haja yao banaendea palepale," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. "Juu ya jicho ya maji, Mama. Inzi iko mingi."

Mama alikaa chini.

"Mimi nilikuwa nafikiri njo wewe unabatuma," Papa wa Butembo akasema. "Unisamehe. Njia ya miguu yao inashuka mu migomba yako."

Walitazamana, hawa wawili ambao kilima kizima kilisema ni maadui, na kila mmoja alikuwa amemshuku mwenzake kwa kitu kilekile. Kisha mama akasema asante, na akamwomba aje Jumapili.

"Nitakuja. Kwa nini hamuchemshe maji, kwanza?"

"Kuni iko wapi, Papa? Muntu akienda mu pori kutafuta kuni, anakutana na bale ba bunduki. Na kilima iko inabaki kipara."

Lakini Jumamosi mama alichemsha maji. Hatukwenda porini. Alivunja mtumbwi wake wa zamani wa kukandia ndizi, ule uliopasuka ubavu ambao alikuwa akisema ataufanya kiti, akautia motoni kipande kwa kipande. Ulitoa harufu ya sherehe zote zilizopita. Mjomba alikuwa ametoka. Maji yalipochemka vya kutosha mama aliyaacha yapoe chunguni, na hata yalipopoa yalibaki na ile rangi ya chai ya maziwa. Sasa hayangeweza kumuumiza mtu, ila kwa macho yalikuwa yaleyale ya chemchemi.

"Kesho hakuna kasiksi," akaniambia. "Kesho tunakunywa hii. Anayejua tumechemsha njo mimi na wewe. Ukifungua kinywa, nitakula moto."

Nilielewa: anayejua kilichomo ndani ya maji yale hatathubutu kuyameza. Alikuwa ameamua kuukata moshi ili auone moto.

Jumapili ilinyesha, kwa hiyo waliingia wote ndani, sebuleni, waliosalia wakabanana barazani. Mlango ulikuwa wazi. Mlango wa nyumba ya kasiksi haufungwi Jumapili, ndivyo mama alivyotulea. Golikipa alikuja, amekonda shingo, akasaidiwa kukaa. Nyumbakumi alikaa mbele. Papa wa Butembo aliegemea ukuta na rozari yake. Mjomba alikuwa kwenye pembe karibu na mlango, amevaa shati safi, akimwambia kijana mmoja kitu cha kuchekesha sikioni.

Mama akaweka chungu katikati. Watu wakachungulia.

"Hii njo nini?" mmoja akauliza. "Kasiksi iko wapi?"

"Kasiksi ilitoka mu hii," mama akasema. "Mulisema nikunywe mbele yenu. Nakunywa. Na baada yangu, kila moja. Kama niko na karuho, tufe sote leo, padri iko karibu."

Wachache walicheka. Mama akachota kwa kikombe cha kibuyu, akakiinua ili watu wote waone rangi, akanywa mpaka nusu. Nyumba ilisikiliza koo lake. Akampa nyumbakumi.

Nyumbakumi alipepesa macho. Lakini aliyetoa alikuwa ameonja, na kwa sheria yetu anayepokea hana pa kukimbilia. Akanywa. Papa wa Butembo akafuata, akinitazama kidogo juu ya ukingo wa kikombe, maana yeye alijua kilichokuwa juu ya chemchemi na hakujua tumechemsha. Akafanya msalaba, akameza. Sijawahi kumwona mtu akimwamini jirani yake kwa namna ile, na naandika haya nikijua jinsi nilivyokuwa nimemshuku.

"Na mimi?" golikipa akasema. "Mimi nimekwisha kutoka yote, tumbo iko wazi kama goli yetu." Safari hii wote walicheka, naye akanywa.

Kikombe kilienda mkono kwa mkono, mama akikijaza na kukionja upya kila mara, mpaka kikafika pembeni. Mjomba alikipokea. Akakitazama, akakipitisha kwa jirani yake kwa uchangamfu.

"Mimi niko na mufungo leo," akasema. "Maji njo ya ng'ombe, dada. Nitangojea kasiksi."

"Onja tu," mama akasema.

"Dada, nimesema."

"Asubuhi ulikula viazi." Mama alikuwa amesimama mbele yake. Alichukua kile kikombe kutoka kwa jirani, akanywa tena, akiwa karibu naye kiasi kwamba maji yalimwangukia mjomba kwenye kiatu. Akamnyooshea. "Nimekunywa mbele yako, mutoto ya mama yangu. Na hawa bote bamekunywa. Unaogopa mimi, ao unaogopa maji?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mjomba aliinua kikombe mpaka kwenye midomo. Nilitamani anywe. Nakumbuka hilo kuliko yote: baada ya wiki nzima ya kumchunguza, nilitamani ameze, tucheke, tumtafute mchawi mwingine mbali na nyumba yetu. Midomo yake ilifunga. Maji yalimtiririkia kidevuni, hayakuingia.

"Inuka," nyumbakumi akasema taratibu. "Onyesha mikono, tuone kucha."

Hakuonyesha. Aliiweka mapajani, kucha chini, na kila mtu akawa ameona.

"Hatuko bengi, sisi ba kuosha mawe kule juu," akasema. "Na siyo sisi tulianza. Bale ba bunduki banachukua nusu, tukikataa banatupiga. Maji iko ya Mungu, dada, itasafika tena. Kila siku inatoka mupya."

"Na haja yenu?" mama akauliza. "Nayo iko ya Mungu?"

Kijana aliyekuwa akichekeshwa naye sikioni alikuwa wa kwanza kusimama, ngumi imekunjwa. Golikipa alisema neno ambalo sitaliandika. Mama akanyoosha mkono, akawazuia wote kwa kiganja kimoja chenye maji.

"Huyu hatapigwa mu nyumba yangu. Na hatalala ndani yake."

Wiki iliyofuata wanawake walipanda na majembe, na nyumbakumi na Papa wa Butembo wakaenda kuzungumza na wenye bunduki. Sikuambiwa waliwapa nini. Waosha mawe walihamia korongo la chini, mbali na jicho la maji. Wanawake walifukia ule uchafu, wakapanda matete mahali pa vidimbwi, na wakaendelea kuchemsha kwa muda mrefu, kila mmoja akileta kuni zake. Chini ya korongo lile kuna watu pia, wenye vikombe vyao. Huwa nawafikiria. Maji hayaishii kwenye kilima chako.

Lakini siku ile palikuwa na sebule tu, na watu waliomwachia mjomba njia. Alikwenda jikoni, akarudi na mfuko wake. Ulikuwa mzito upande mmoja, na hakuna aliyeuliza una nini. Mama alimpa koti la mvua la baba, lile lililobaki msumarini tangu baba alipopotelea upande wa Walikale. Alilipokea bila kumtazama.

"Njia ya Mpofi iko na mafuriko," mama akamwambia. "Kikombe yoyote watakayokupa, ungojee banywe kwanza."

"Na wewe, dada?"

Mama akampisha mlangoni. Mjomba akavuka kizingiti, akainamisha kichwa mvuani. Mama, ambaye hakuwahi kuufunga mlango ule siku ya Jumapili, alitazama nyayo zake zikijaa maji uani, kisha akausukuma kwa mikono miwili, akashusha komeo.